Anayeaminiwa ndiye mwenye deni

Ndugu msomaji, ipo kauli moja tuliyoizoea sana majumbani mwetu, nayo ni hii: "Baada ya yote niliyomfanyia!" Huisema baba aliyemchukua mtoto wa marehemu ndugu yake kijijini akamleta mjini kusoma. Huisema mama aliyempa kazi na malazi msichana asiye na pa kwenda. Huisema tajiri aliyemtoa mtu katika dhiki, kisha akaona mtu yule bado anamwogopa na kumkwepa. Ndani ya kauli hii mna madai. Inadai kwamba mwenye kuokoa ana haki ya kuaminiwa na yule aliyemwokoa, na kwamba imani hiyo ni malipo ya wema wake. Yasipolipwa, hukasirika kama mtu aliyedhulumiwa.

Mimi naona madai haya yamesimama kichwa chini miguu juu. Mnyonge anapokuamini hajakulipa kitu. Amekukopesha. Kuanzia siku hiyo wewe ndiye mdaiwa, na deni lenyewe ni zito kuliko kilo za unga ulizompa. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa kiumbe asiyejua kusema ahsante wala kutukana, yaani njiwa.

Najua wapo watakaouliza: watu wana ada za shule, kodi za nyumba na bei ya sukari, leo ukurasa mzima anapewa njiwa? Ndugu zangu, Mtume (SAW) hakuona jambo hili kuwa dogo. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtoto aitwaye Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika, na Mtume (SAW), pamoja na mambo yote ya umma yaliyokuwa mabegani mwake, alimwuliza mtoto yule kwa upole habari za kindege chake. Wanazuoni wametoa mafunzo mengi katika hadithi hiyo, likiwemo la kujuzu kufuga ndege ilimradi hateswi. Ikiwa Mtume alipata nafasi ya kindege cha mtoto, sisi tutakosaje nafasi ya njiwa mmoja?

Magomeni ninayokaa si ile ya Dar es Salaam, ya Mapipa na Usalama. Ni Magomeni ya Kilosa, mkoani Morogoro, mji wa Reli ya Kati na mto Mkondoa. Masika moja vijana wa mtaani waliniletea njiwa manga wa kijivu waliyemkuta chini ya mwembe. Bawa lake la kushoto lilikuwa limechanika, na miguu yote miwili imefungwa nyuzi. Hazikuwa nyuzi za mtego. Zilikuwa nyuzi za viroba zilizochanganyika na nywele za kusukia, zile zinazofagiliwa saluni na kumwagwa jalalani. Njiwa hutafuta riziki kwa kutembea chini, basi nyuzi humnasa, humzunguka, na kila akijinasua hukaza zaidi mpaka damu isipite. Msidhani ni balaa ya Kilosa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu njiwa wa Paris, Ufaransa, ulionesha kwamba njiwa waliokatika vidole walikuwa wengi zaidi katika mitaa yenye saluni nyingi za nywele. Uchafu wa binadamu unatega bila ya mtegaji.

Kuzitoa kulichukua karibu saa nzima, kwa wembe, kitambaa na maji ya vuguvugu, kijana mmoja akishika na mimi nikikata. Kidole kimoja kilikuwa kimekwisha kufa, kikadondoka baada ya siku chache. Tukamweka katika boksi lenye matundu, mahali penye giza kidogo na utulivu, mbali na kuku ili tusiambukizane mdondo, na maji katika kikopo chenye kina, kwa kuwa njiwa hanywi kama kuku anayeinua kichwa. Yeye huzamisha mdomo akavuta.

Likabaki suala la mwenyewe. Njiwa manga si ndege wa porini kama hua au ninga. Aghalabu ana banda, na banda lina mwenyewe. Kumwokota hakunifanyi mmiliki. Niliulizia mtaa kwa mtaa, na Ijumaa nikaulizia nje ya msikiti, maana ndani ya msikiti haifai kutangaza kilichopotea. Mwenyewe hakutokea. Nalitaja hili kwa sababu ndilo somo la kwanza: kuokoa hakuzai umiliki. Wengi wetu tunapookoa kitu, moyo hukiandikia hati siku ile ile.

Sasa tazameni mambo kwa upande wa njiwa. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa pamoja, kwa sababu ameumbwa kuwa mwenye kuwindwa. Kitu kikubwa kinachomjia kutoka juu kwake ni mwewe. Macho mawili yanayomkodolea mbele kwa mbele kwake ni paka. Mkono unaomkamata, hata kama ni wa kumfungua kamba, ni makucha. Kwa hiyo katika saa ile ambayo mimi nilijiona mwema, yeye alikuwa akisubiri kuliwa. Nia yangu aliijua Allah na niliijua mimi. Njiwa alichokiona ni mkono tu.

Hapo ndipo lawama ya "hana shukrani" inapoanguka. Mwokozi huishi na nia yake ndani ya kifua chake, anaiona safi, akashangaa kwa nini mwenzake haioni. Mwenzake ataionaje? Hana dirisha la kuchungulia kifua cha mtu. Anachoweza kukisoma ni vitendo, tena vitendo vilivyorudiwa siku baada ya siku mpaka vikawa tabia. Na hili wanyama wanalimudu vizuri kuliko tunavyodhani. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011, watafiti wawili walikwenda kuwalisha njiwa wa bustani moja mjini Paris, mmoja akiwafukuza na mwingine akiwaacha wale kwa amani. Baadaye wote wawili wakawaacha kwa amani, hata makoti wakabadilishana, lakini njiwa waliendelea kumkwepa yule aliyewafukuza. Hawakudanganyika na koti. Ni wangapi kati yetu tunaobadilisha kanzu tukidhani tumebadilisha sura?

Namna ya kumzoesha njiwa si siri, na wazee waliofuga wanaijua. Unakwenda saa ile ile kila siku. Unakaa chini, usisimame juu yake. Unakaa kwa upande, usimkazie macho. Unatoa sauti moja isiyobadilika, mimi nilikuwa nikipiga mbinja fupi, kisha unamwaga punje za mtama, uwele na choroko kidogo, halafu unabaki kimya. Kwa siku nne alikula nilipoondoka tu. Siku ya tano alikula nikiwa mlangoni. Wiki ya pili nilianza kuweka punje juu ya kiganja, kiganja kikiwa chini sakafuni, wazi, bila kukunja vidole. Alikuja mpaka hatua mbili, akarudi. Kesho yake hatua moja, akarudi. Siku ya kumi na saba alipanda kwenye kiganja kwa miguu yake mwenyewe, yenye kidole pungufu, akala.

Angalieni maneno haya: kwa miguu yake mwenyewe. Ningeweza kumkamata siku ya kwanza na kumshikilia mpaka achoke. Ningekuwa na njiwa mkononi, lakini imani yake nisingekuwa nayo. Imani ni kitu pekee ambacho mwenye nguvu hawezi kumnyang'anya asiye na nguvu. Anaweza kumnyang'anya mali, utulivu, hata roho. Imani atapewa tu, na atapewa kwa saa aitakayo mtoaji.

Nilipokuwa nikifurahia hayo, mzee mmoja jirani yangu, mtu wa hekima na mkulima wa siku nyingi, aliniambia neno lililonifikirisha kwa muda mrefu. Alisema, "Mwanangu, hayo unayoyafanya ndiyo anayoyafanya mtegaji. Naye humwaga punje, naye hukaa kimya, naye huja saa ile ile. Tofauti yenu iko wapi?" Jirani mwingine akadakia kwa mzaha kwamba tofauti ni sufuria.

Hili si swali la mzaha. Njiwa ni halali kuliwa, wala sitaki nifahamike kuwa namharamishia mtu alichohalalishiwa na Mola wake. Mwenye njaa akimchinja njiwa wake hana kosa. Kwa hiyo tofauti haiko katika punje, wala katika kuchinja kwenyewe. Iko katika kile unachokifanya na imani baada ya kupewa. Anayenunua njiwa sokoni akamchinja kwa jina la Allah na kisu kikali amechinja njiwa. Lakini anayekaa siku kumi na saba akimfundisha ndege kwamba kiganja hiki ni amani, kisha akakitumia kiganja hicho hicho kumkamatia shingo, huyo amefanya na jambo jingine. Mtume (SAW) alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku mnyama anamtazama, kwa sababu alitaka kumwua mara mbili. Ikiwa kumwonesha kisu kuna makemeo, tuseme nini juu ya kumwonesha amani ya uongo? Sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya wenye elimu. Nasema tu kwamba mtu wa namna hiyo ameufundisha moyo wake kuwa imani ya mnyonge ni kamba ya kumvutia, na moyo uliojifunza hivyo kwa ndege utakumbuka somo lake siku utakapokutana na mtoto.

Imepokewa na Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo akimwambia njoo nikupe kitu. Mtume (SAW), aliyekuwa pale nyumbani, akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Mtume akamfahamisha kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Zingatieni, mtoto yule huenda asingeona tofauti, angekuja, angekosa, angerudi kucheza. Lakini uongo ungeandikwa. Ndiyo maana nilipomwona kijana mmoja akiniigizia ile mbinja huku amekunja ngumi tupu ili njiwa aje achekwe, nilimzuia. Nikamwambia, mdogo wangu, kama huna punje usipige mbinja.

Wenzetu wa hapa hapa mkoani kwetu wamelithibitisha hili kwa njia yao. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kutambua vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mafunzo huanza panya wakiwa wadogo, kwa kuzoeshwa binadamu, mikono yake na sauti yake. Kisha hufundishwa mlio mmoja wa kidude kidogo kinacholia "tik", na kila kikilia hupewa chakula. Panya hana mkataba wala shahidi. Makubaliano yote yamo ndani ya mlio ule. Mlio ukilia mara kwa mara bila chakula, haumaanishi kitu tena, na kazi yote imeharibika. Panya mmoja aliyezaliwa na kufunzwa hapo, aitwaye Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na silaha nyingine za kulipuka zaidi ya 100, akatunukiwa medali ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Watu wazima wenye miguu na macho leo wanalima mashamba salama kwa sababu kuna binadamu waliomtimizia panya ahadi ndogo kila siku.

Qur'an nayo ina mfano wa ndege. Katika Suratul Baqara aya ya 260, Nabii Ibrahim (AS) alipomwomba Mola wake amwoneshe namna anavyohuisha wafu, aliamrishwa achukue ndege wanne. Wafasiri wamehitilafiana katika neno linalofuata. Wapo waliolifasiri kuwa ni kuwakatakata, na wapo waliolifasiri kuwa ni kuwazoesha na kuwavuta kwake, ili wamjue. Kisha akaamrishwa aweke sehemu yao juu ya kila mlima, awaite, nao watamjia mbio. Aya inazungumzia uwezo wa Allah, si ufugaji. Lakini kwa tafsiri hii ya pili, hata katika jambo kubwa la kufufua wafu, ulitangulia uhusiano wa ndege na mtu waliyemzoea, wanayeitikia sauti yake.

Na watangu wema walilifahamu deni hili. Wanahistoria wanasimulia kwamba Amr bin Al-Aas, alipotaka kuondoka na jeshi lake kuelekea Iskandaria, alikuta njiwa ametaga juu ya hema lake. Akaamuru hema liachwe lilivyo, kwa kuwa ndege amejikinga kwao, na mahali hapo pakaja kuwa mji wa Fustat, yaani hema, chimbuko la Kairo ya leo. Imam Shafi naye amepokea kwamba Sayyidna Umar, akiwa Makka, alimfukuza njiwa aliyetua juu ya vitu vyake, njiwa akatua mahali pengine na nyoka akamwua. Umar hakusema aliyemwua ni nyoka. Alijiona ndiye aliyemtoa penye usalama akampeleka penye mauti, akataka ahukumiwe, akahukumiwa mbuzi. Kweli, ile ilikuwa ardhi ya Haram yenye hukumu zake. Lakini tazameni fikra yenyewe: khalifa anadaiwa na njiwa.

Mtu ataniuliza, basi deni hili linalipwaje? Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka inatosha kujibu. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Milango ni miwili: mtunze kwa haki, au mwachie kwa haki. Dhambi iko katikati, pale unapomshikilia na humtimizii. Njiwa yule bawa lilipopona, nilianza kuliacha boksi wazi kila asubuhi. Baadhi ya watu waliniona mjinga, maana juhudi ya mwezi mzima inaweza kuruka ikaenda kwa jirani. Ni kweli, inaweza. Lakini imani inayohitaji mlango uliofungwa si imani, ni kifungo. Yeye aliruka, jioni akarudi, na amefanya hivyo siku nyingi. Zipo siku hakurudi. Sikuwa na la kumdai.

Haya ya ndege tuyapeleke sasa kwa watu, maana binadamu ana haki kubwa zaidi. Disemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika ukavunja tuta lake, maelfu ya watu wa Kilosa wakapoteza makazi, reli ikakatika, familia zikaishi kwenye mahema. Misaada ilikuja, Allah awalipe kheri waliotoa. Nimewasikia watu waliokaa kwenye mahema yale wakisimulia. Idadi ya kilo walizopewa wengi wameisahau. Hawajasahau nani aliwaita kwa majina yao na nani aliwapanga mstari juani. Allah (SW) anatuonya katika Suratul Baqara aya ya 264 tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Na masimbulizi makubwa kabisa ni kumtaka uliyemsaidia akuamini kwa haraka unayoitaka wewe.

Mtazameni pia msichana wa kazi. Ametoka kijijini na mfuko mmoja wa nguo, hamjui mtu mjini isipokuwa wewe. Mwezi wa kwanza anakula jikoni peke yake, anaitikia kwa sauti ya chini. Unasema ni mkaidi. Mwezi wa sita anakuambia, "Mama, mshahara wangu nitunzie, nitauchukua nikienda kwetu." Ewe dada yangu, siku hiyo amepanda kwenye kiganja chako. Hujalipwa, umekopeshwa. Ukiutumia mshahara ule kisha ukampigia hesabu za sahani zilizovunjika, umekunja vidole. Na yatima aliyekuja kwako na karatasi za kiwanja cha marehemu baba yake, akakuita baba mkubwa na akalala usingizi bila wasiwasi, naye ni hivyo hivyo. Usingizi wake ule ndio amana, na Allah ametuamrisha katika Suratun Nisaa aya ya 58 kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Tuache basi kusema "baada ya yote niliyomfanyia". Tujiulize kinyume chake: ameniamini kwa lipi, nami nimelitimiza lipi? Mwenye mnyonge nyumbani mwake, awe ndege, mtoto au mtu mzima aliyepotewa, akae chini asisimame juu yake, asipige mbinja kama hana punje, na auache mlango wazi. Akiaminiwa, amshukuru Allah na aogope, kwa sababu hapo ndipo hesabu yake inapoanza. Asipoaminiwa, asubiri, na aendelee kumwaga punje saa ile ile.

Wabillahi tawfiiq.